Mwanaisha Alinitangulia Kanisani

Wasichana wawili wa hapa kwetu wanaondoka karibuni kwenda Riyadh kutunza wazee majumbani. Walinijia wakitaka niwaeleze kazi ikoje. Niliwaeleza kwa mdomo, wakasahau kabla chai haijapoa, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mshahara sitautaja, maana wenu utakuwa mwingine. Vyeo navyo hakuna: niliingia kazini nikiitwa Priska, nikatoka nikiitwa Priska. Nitawaambia habari za leso, za bibi kizee mmoja niliyemtunza, na za Mwanaisha wa Likoni, ambaye nimemwonea wivu miaka mingi kuliko ile niliyoishi na mume wangu, Mungu amweke pema.

Kabla ya Riyadh nilikuwa katekista hapa Wundanyi. Nilifundisha watoto wa komunyo ya kwanza, nikijua masomo ya kila Jumapili bila kufungua kitabu. Kisha mume wangu akafariki, karo ikabaki, nikaenda zangu katika nchi ambayo Jumapili ni siku ya kufua mashuka. Silalamiki. Nilijua ninakokwenda hakuna kanisa, na hakuna aliyenidanganya. Rozari niliisali kwa vidole vyangu kumi nikipiga pasi, na Mungu, ninavyomwelewa, hajali kama mikono ina kazi nyingine. Lakini njaa ya Misa haishibi kwa vidole. Mwaka wa kwanza nilidhani itapoa. Haikupoa.

Nyumba ilikuwa ya familia ya heshima: baba, yaani bosi mwenyewe, madam mke wake, watoto wao, na mama yake baba, ambaye sote tulimwita Mama Hajja. Yeye ndiye aliyekuwa kazi yangu. Alikuwa mnene, mcheshi, na bega lake la kushoto lilikuwa limekakamaa kwa maumivu. Mwanaisha, mfanyakazi mwenzangu, alinikuta pale? La, mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa mdogo wangu kwa umri lakini mkubwa wangu katika nyumba ile, na hilo peke yake lilitosha kuanzisha mambo.

Siku ya kwanza walikuja wageni wa kike, nami nikakabidhiwa birika la kahawa. Niliambiwa nishike birika kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa wa kulia, nimimine kidogo tu. Hayo niliyashika. Ambalo sikuambiwa ni kwamba mgeni akitosheka hutikisa kikombe chake. Mama mmoja akatikisa; mimi nikaona ana haraka, nikamjazia. Akatikisa tena, nikamjazia tena. Adabu ilimzuia kusema, akawa anakunywa tu huku macho yakimtoka. Mwanaisha akaja nyuma yangu akaninong'oneza, "Dada, hebu mwache huyo, usije ukamuua bure. Akitikisa, halas!"

Jikoni alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Lakini toka siku hiyo alinifundisha kila kitu, na niseme ukweli wa Mungu: sijapata mwalimu mwingine kama yule.

Alinifundisha kutumia leso, yaani kanga, kwa mfano. Nyinyi mtapewa kiti cha magurudumu kizuri na labda mashine ya kunyanyulia, na mashine itaharibika. Kunja leso kwa urefu mpaka iwe kama mshipi mpana. Ipitishe nyuma ya mgongo wa mzee, chini ya kwapa, ushike ncha mbili mbele. Magoti yako yakutane na magoti yake. Usimvute kwa mikono. Rudi nyuma wewe na uzito wako, naye atainuka mwenyewe kama mtu aliyekumbuka jambo. Mama Hajja aliipenda leso ile. Kila siku aliuliza imeandikwa nini, na kila siku Mwanaisha alimtafsiria maneno tofauti, kulingana na alivyoamka.

Na kugeuza. Haya yashikeni kuliko mengine yote. Mzee asiyeweza kujigeuza akilala chali muda mrefu, ngozi ya mgongo na ya visigino huoza, na ikishaoza mtalia pamoja. Mgeuze ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, mto mdogo kati ya magoti, kisha rudia, mchana na usiku. Mama Hajja alipenda ubavu wa kulia kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kulala tangu utoto. Wa kushoto alinung'unika kwa sababu ya bega, akaniita mnyang'anyi. Katika miaka yangu yote hakupata kidonda hata kimoja. Hiyo ndiyo shahada yangu, mkiniuliza.

Sasa niingie katika wivu. Mwanaisha alimsaidia Mama Hajja kutawadha, akamwekea mswala, akakaa naye baada ya sala wakisoma. Hayo hayakuwa yangu na sikuyataka. Lakini kila Ramadhani familia ilihamia Jeddah, kwenye nyumba yao ya Ruwais karibu na bahari, na kutoka hapo wakaenda Makka. Mwanaisha alikwenda nao. Mimi nilibaki Ruwais na paka. Nilipopata nafasi nilipanda gari hadi Kandara, mtaa wa huko huko Jeddah, kununua unga wa ugali kwa mama mmoja wa asili ya Unguja, nikarudi, nikasonga sima, nikala na paka. Mwanaisha alirudi uso umeng'aa, na chupa ya zamzam kwa ajili yangu. Nilimshukuru. Nilifurahi kwamba ameona mahali pa imani yake. Nilimwona mtu aliyeshiba. Nami nikalala na njaa yangu.

Kiangazi, familia ilikwenda Ulaya, na desturi ya nyumba ilikuwa kumchukua mfanyakazi mmoja. Mwingine alibaki Riyadh kufunika makochi ya sebule kwa mashuka meupe, kumwagilia mimea na kulala mchana. Mwaka nitakaousimulia, Mama Hajja mwenyewe alikuwa na hamu. Alikuwa amesikia kwamba huko Ufaransa kuna kanisa la kale sana ambamo wafalme wamechongwa kwa mawe wamelala juu ya makaburi yao, mtu unawaona sura zao. Jambo hili lilimshangaza. Kwao mfalme huzikwa ardhini kama mtu yeyote, udongo na jiwe lisilo na jina. "Nataka nikaone," alisema, "mfalme anayekataa kuondoka."

Nikajua hiyo ni safari yangu. Nani angempeleka mzee kanisani kama si katekista? Nilipiga pasi abaya yangu. Madam akaniita.

"Priska, wewe utabaki na nyumba. Mwanaisha atakwenda. Anajua sala za Mama Hajja na anajua chakula halali. Mwaka mwingine, inshallah."

"Sawa, madam."

Madam alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Kama angenionea, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilikwenda chumbani nikaitundika abaya. Kanisa kubwa la miaka mia nyingi, na anayekwenda ni Mwanaisha, binti wa mwalimu wa madrasa, ambaye hajui altare ni upande gani!

Walipoondoka nilifunika makochi. Nilifunika pia vitu ambavyo havikuhitaji kufunikwa.

Waliporudi, Mwanaisha hakuvua hata viatu. Alinikalisha jikoni akafungua simu. "Dada Priska, njoo uone mambo yenu." Palikuwa na nguzo nyembamba ndefu zikipanda juu na kukutana kama vidole vya mtu anayeomba. Mtindo huo huitwa Kigothi. Nilikuwa nimeufundisha darasani kutoka kwenye kalenda. Palikuwa na vioo vya rangi, bluu na nyekundu, mwanga umemwagika sakafuni. Na palikuwa na Mwanaisha, na hijabu yake ya kijani, amesimama kando ya mfalme kama amemzaa.

"Huyu yuwalala hivi," akasema, akafumbata mikono kifuani na kufumba macho. "Na mkewe ubavuni. Na miguuni, hutaamini, mbwa! Kijibwa cha jiwe, ndani ya nyumba ya ibada!"

"Ni alama ya uaminifu."

"Basi si wangemchonga paka?"

"Mlikuta Misa?"

"Misa yaonekanaje?"

Nilimrudishia simu. Aliniangalia, akaacha kucheka, akafungua mkoba wake. "Sikukusahau lakini. Nimekuletea kitu. Wauza pale mlangoni, watu wote wanunua." Akatoa mshumaa mweupe mrefu, ameuzungushia soksi usivunjike.

"Mwanaisha," nikasema, "huu hauchukuliwi nyumbani. Unawashwa pale pale, mbele ya altare, na mtu anaomba."

Akautazama mshumaa. "Uwashwe mchana? Na stima iko?"

Basi nikawa na mshumaa wa kanisa nisilowahi kulikanyaga, umeletwa na mtu asiyejua ni wa nini. Ningeweza kuuwasha chumbani. Sikutaka. Niliuweka juu ya kabati na nikaapa kimoyomoyo kwamba utawaka mahali ulikonunuliwa, na nitauwasha mimi. Baba Paroko wa hapa, nilipomsimulia baadaye, alinishauri niombe kuondolewa wivu. Naomba kila siku. Mungu hajafanya haraka.

Mwaka uliofuata kiyoyozi cha chumba chetu kiliharibika, na joto la Riyadh mtalijua wenyewe. Nilipopanda kuutazama mshumaa niliukuta umepinda katikati kama kidole cha mzee. Nilijaribu kuunyoosha kwa maji ya uvuguvugu. Ulikataa. Mwanaisha akasema, "Uache, dada. Nao wasujudu." Nikamrushia soksi.

Kilichoniokoa ni uzito wa Mama Hajja. Aliongezeka, miguu ikapungua nguvu, na mtu mmoja hakuweza tena kumtoa kwenye gari peke yake, hata kwa leso. Madam aliona hilo kwa macho yake pale mlangoni, sisi wawili tunahema. Kiangazi kilipofika akasema tutakwenda wote wawili. Mama Hajja akasema naye, kabla hajaulizwa, kwamba lazima arudi kwa wafalme. Nilitia mshumaa kwenye mfuko wa nguo wa kutundika mkononi mwa kiti cha magurudumu, pamoja na chupa ya maji, tende na nepi.

Siku yenyewe tulifika mchana. Madam alitushusha, akasema ataturudia baada ya kuwapeleka watoto dukani, na tuwe tayari mlangoni. Tulimtoa Mama Hajja kwenye gari, magoti kwa magoti, na nikakisukuma kiti ndani.

Sitaeleza sana. Ubaridi ule, harufu ya nta na mawe ya kale, niliijua kabla sijaijua. Nilitafuta maji ya baraka pembeni mwa mlango kwa mkono ambao miaka mingi haukuwa umeyatafuta, nikayapata. Nikafanya ishara ya msalaba hadharani, polepole, kama mtu anayekunywa.

Halafu kengele ndogo ikalia. Upande wa kushoto palikuwa na kikanisa cha pembeni, mlango wazi, na ndani wazee wachache wamesimama. Padri alikuwa anaingia. Misa! Misa ya siku ya kazi, mbele yangu kabisa.

"Priska," akasema Mama Hajja akinyoosha kidole upande wa kulia, "wafalme wako kule. Yalla."

Kazi ni kazi. Niligeuza kiti kulia.

Walikuwa wamelala safu kwa safu, weupe, mikono imefumbatwa, nguo za jiwe zimeanguka vizuri, simba miguuni mwa baadhi yao na vijibwa miguuni mwa wake zao. Nilipowaona mara ya kwanza nilifikiria sebule ya Riyadh wakati wa kiangazi, na makochi yangu chini ya mashuka. Mama Hajja aliwatazama mmoja mmoja kama anayekagua kazi ya mtu.

"Kwa nini wote wamelazwa chali?"

"Ndivyo walivyochongwa, Mama Hajja."

"Na nani huwageuza?"

"Hakuna."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Maskini," akasema. "Na walikuwa na watumishi wengi!" Akafikiri kidogo. "Wewe ungewageuza?"

"Ningehitaji leso kubwa."

Alicheka mpaka mlinzi akatugeukia. Mimi nilicheka nusu, maana nusu nyingine ilikuwa ng'ambo ya pili. Sauti ya padri ilinifikia bila maneno, ikipanda na kushuka, nami nilijua kwa kupanda na kushuka kule tumefika wapi: sasa ni somo, sasa ni Injili. Niligeuza shingo. Na pale kwenye mlango wa kikanisa, ameegemea nguzo, mikono kifuani, hijabu ya kijani, alikuwa Mwanaisha. Anatazama Misa! Ametulia kama mtu anayechungulia harusi ya jirani. Mwaka jana kanisa, na mwaka huu Misa yenyewe, na mimi nasukuma kiti kati ya maiti wa mawe. Nilihisi uso umewaka moto. Makka amepata, na hapa pia ametangulia yeye. Nikamsukuma Mama Hajja kwa mfalme mwingine, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Taratibu," akasema. "Huyu hakimbii."

Mara nikasikia viatu vinakuja mbio mbio juu ya mawe. Mwanaisha alifika akihema, akaniondoa mikono kwenye kiti kama mtu anayenyang'anya usukani.

"Nenda!"

"Niende wapi?"

"Si huko kwenu! Nilikuwa natazama nijue mwafikia wapi. Mwaka jana uliniuliza kama tulikuta Misa, nikakosa jibu. Padri sasa ainua kitu cheupe juu kwa mikono miwili, na wale wazee wamepiga magoti. Ni mwanzo huo au mwisho?"

Niligeukia kikanisa. "Ni katikati. Ndicho kiini chenyewe."

"Basi wasimama hapa wafanyani? Madam hajaja. Nenda, Dada Priska!"

Nilimtazama Mama Hajja. Alikuwa anaelewa zaidi ya tulivyodhani, kama kawaida yake. "Nenda kasali," akasema. "Mimi na wafalme hatuna haraka."

Nilikwenda. Sikukimbia, kanisani hakukimbiwi, lakini sikumbuki kama nilitembea. Niliingia benchi la mwisho wakati wanaanza Baba Yetu. Kifaransa sikijui, nikaisali kwa Kiswahili, kwa sauti, na mzee wa mbele yangu hakushangaa. Tulipopeana amani alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye mishipa. Miaka yote ile nilikuwa nimeshika mikono ya wazee kuwainua. Hii ilinishika mimi. Komunyo sikupokea, katekista anajua kwamba kitubio, yaani kuungama dhambi, hutangulia, na changu kilikuwa kimelala miaka. Nilipanga mstari, nikakunja mikono kifuani kama wale wafalme, padri akaniwekea mkono kichwani, akanibariki. Nikarudi kwenye benchi nikalia hadi baraka ya mwisho, na sikulia kwa huzuni.

Nilipotoka nikakumbuka mshumaa. Mfuko ulikuwa kwenye kiti. Nilikwenda haraka, nikawakuta karibu na mlango mkuu, na Mwanaisha ananipungia mkono.

"Yalla, dada, madam ashafika, yuko nje yuapiga simu."

"Subiri, niwashe mshumaa wangu."

Akajikuna shingo. "Nimeuwasha."

"Umewasha nini?"

"Muda ulikuwa waisha! Ulikuwa umeubeba kutoka Riyadh, nami ndimi niliyekosea kuubeba toka hapa. Ningekuacha urudi nao tena? Nimeuweka tu, mimi sikuomba kitu. Hayo ya kuomba ni yako. Uko pale, tazama."

Kwenye kinara cha chuma palikuwa na mishumaa mingi, yote imesimama wima. Mmoja tu ulikuwa umepinda katikati, na mwali wake ulielekea pembeni, kama unamsikiliza wa jirani. Nilisimama mbele yake nikamwombea mume wangu, watoto wangu, Mama Hajja, na mwisho, kwa meno yaliyobana, Mwanaisha. Amewahi kuliona kanisa, amewahi kuiona Misa, na mshumaa niliouapia mwaka mzima ameuwasha yeye. Nje, madam alipiga honi.

Mama Hajja alifariki Riyadh miaka kadhaa baadaye, asubuhi, amelala ubavu wa kulia. Nilikuwa nimemgeuza mwenyewe. Mwanaisha na mabinti wa nyumba ndio waliomuosha, kama dini yao inavyotaka. Mimi nilipitisha maji mlangoni. Kaburi lake halina jina. Sikuwahi kuliona.

Baada ya hapo nilimaliza mkataba, nikarudi nyumbani. Mwanaisha alihamishiwa Jeddah, kwa binti wa familia, na anaishi Kandara. Wiki iliyopita alinipigia simu.

"Dada Priska, kiangazi hiki twaenda tena Ufaransa. Nimewaambia nataka kupita kwa wafalme. Nikuletee nini?"

"Usiniletee mshumaa."

"Nimekoma! Basi nikifika nifanye nini?"

"Wageuze," nikasema. "Ubavu wa kulia. Wamelala chali sana."

Alicheka hadi mtandao ukakatika. Nikavaa kitambaa changu, nikateremka kwenda Misa ya jioni. Kanisa letu la mabati liko karibu, milango wazi kila siku, na hakuna wa kunizuia. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kwa dhati. Na njia nzima nilimwonea wivu.